Viganja vya Vijana Wetu Waendeshao Baskeli

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akampa mikono miwili ya kutendea kazi na kuinulia dua. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, yako mambo madogo ambayo mtu huona haya kuyataja mbele ya watu wazima, na kwa haya hiyo yakakua mpaka yakawa makubwa. Moja katika hayo ni malengelenge ya viganja yawapatayo waendeshao baskeli. Nimeazimia kuandika khabari yake mwezi huu kwa sababu nimeona kwa macho yangu jinsi malengelenge mawili yalivyotaka kumtoa kijana katika sala, na kuiondolea nyumba moja riziki yake.

Mimi si tabibu. Nasomesha watoto Kurani katika kijiji kimoja cha Pemba, na kwa zaidi ya miaka thelathini baskeli ndiyo miguu yangu. Aijuaye Pemba ajua kuwa kisiwa chetu ni vilima na mabonde. Ukimaliza kupanda hapa waanza kushuka pale, na kila mteremko wataka breki. Basi haya nitakayoyasema, mengine nimeyapata katika kuendesha, mengine kwa muuguzi wa zahanati, na mengine kwa mafundi wa baskeli. Yaliyo ya sharia nimeyapata kwa masheikh zangu, Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.

Kwanza yapasa tujue kwamba kiganja kilichoumizwa na kazi ya halali si kitu cha kuchekwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Fatima, binti wa Mtume (s.a.w.), mikono yake iliumizwa na jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Mtume hakumpa mtumishi. Lakini alikwenda mwenyewe nyumbani kwake usiku ule, akaketi pamoja naye na mumewe Sayyidna Ali, akawafundisha kumsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, kumhimidi mara 33, na kumkabiri mara 34 kila waendapo kulala. Tazameni adabu hii. Binti alilalamikia mikono yake, na baba alikwenda mpaka mlangoni kwake. Hakusema kuwa hilo ni jambo dogo. Je, sisi wazee wa leo, mtoto akituonyesha kiganja chake twafanyaje? Wengi wetu hucheka na kumwambia kuwa ana mikono ya kike. Kijana akichekwa mara moja, mara ya pili hataonyesha tena.

Na sasa tutazame lengelenge ni kitu gani. Ngozi ya binadamu ina tabaka, moja juu ya nyingine. Mtu anaposhika usukani, ngozi ya juu ya kiganja hung'ang'ania mshikio, na mifupa iliyo ndani huenda huku na huku kwa kutikiswa na njia. Tabaka za katikati huvutwa pande mbili, tena na tena, mpaka zikaachana; na pale zilipoachana hujaa maji. Hilo ndilo lengelenge. Kama mshipa mdogo umepasuka, huingia damu badala ya maji. Jasho huzidisha jambo hili, kwa kuwa ngozi yenye unyevu hugandamana na mpira kuliko ngozi kavu. Ndiyo maana malengelenge huwa mengi katika miezi ya joto. Na ngozi ile iliyoinuka juu ya maji yatufaa sana. Ni paa alilolijenga Mwenyezi Mungu juu ya ngozi changa, ili uchafu usiingie, mpaka ngozi mpya ikamilike chini yake na maji yanyonywe na mwili. Hayo hutimia katika siku chache, au juma moja hivi.

Katika wanafunzi wangu alikuwako kijana wa miaka kumi na mitano, msomaji hodari, ambaye baba yake alikuwa amefariki. Kila siku, asubuhi na jioni, akichota maji kisimani na kuyauza majumbani kwa baskeli: madumu matatu ya lita 20, yaani kilo 60 za maji, na kisima kiko bondeni. Fedha ile ndiyo iliyomsaidia mama yake kuwalisha wadogo zake wawili. Siku moja nikaona amekaa nyuma ya wenzake, na kila afikapo mwisho wa ukurasa huufunua kwa kifundo cha mkono, si kwa vidole. Tena adhana ya Adhuhuri ilipolia, wenzake wakaenda hodhini kutia udhu, yeye akajificha nyuma ya ukuta.

Nilimwita pembeni, nikamwambia, "Mwanangu, hebu nionyeshe mikono yako."

Akasema, "Maalim, si kitu."

Nikamwambia, "Kama si kitu, basi hapana ubaya nikiona."

Akaikunjua. Chini ya vidole, katika kila kiganja, palikuwa na lengelenge lililochanwa. Kiganja cha kulia kilikuwa kimevimba, ngozi ina moto, na usaha watoka. Akanieleza kuwa mtu mmoja wa kijiweni alimwambia aichane ngozi yote kisha atie mafuta ya taa, ili mkono ukomae upesi. Nikamwuliza kwa nini hakutia udhu. Akainama, akasema kwa sauti ndogo, "Maalim, sikusali tangu juzi. Maji yanatoka mkononi, na mimi nadhani ni najisi. Nikaona sala yangu haifai, na niliona haya kuuliza."

Ndugu wasomaji, maneno hayo yalinichoma kuliko kile kidonda. Mtoto ambaye baba yake hayupo, abebaye nyumba mabegani, aliiacha sala siku mbili kwa jambo ambalo maulamaa wetu walikwisha kulieleza karne nyingi zilizopita. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelitaja katika Minhaj, kitabu kisomwacho katika pwani yetu yote. Maji safi ya lengelenge yasiyobadilika harufu ni tahiri kwa kauli iliyotegemewa katika madhehebu ya Imam Shafi. Yakiwa na harufu, au yakiwa usaha, au yakichanganyika na damu, hayo ndiyo najisi. Na kidogo cha najisi hiyo kitokacho katika kidonda cha mtu mwenyewe husamehewa.

Nilimpeleka zahanati siku ile ile, nikiwa na mama yake. Muuguzi alikiosha kidonda, akampa dawa, akamchoma sindano ya pepopunda kwa kuwa hakupata kumaliza chanjo zake, akamkataza baskeli siku kumi. Mama aliposikia siku kumi alinyamaza, akatazama chini. Nami nilijua anahesabu nini. Basi usiku ule baada ya Isha nikawaambia vijana wa madrasa. Wakagawana zamu wenyewe: wawili asubuhi, wawili jioni, wakichukua maji kwa baskeli ile ile, na fedha yote wakampelekea mama. Siku zile kumi zilipotimia, kijana alikuwa amekwisha kulipa sala zake zilizompita, na mkono umepona. Lakini kabla hajaipanda tena baskeli yake tulimpelekea fundi, na fundi akatuonyesha kuwa maradhi yalianzia humo. Nitalieleza hilo mbele, Inshallah.

Kwanza matibabu. Lengelenge lisilopasuka na lisilouma sana liachwe kama lilivyo. Lioshwe taratibu kwa maji na sabuni, likaushwe, lifunikwe kwa plasta au kwa kitambaa safi kisichoganda, na mkono upumzishwe. Kama ni kubwa na lauma hata mtu hawezi kukunja kiganja, bora aende zahanati. Ikiwa zahanati iko mbali, muuguzi alitufundisha hivi: osha mikono vizuri kwa sabuni, osha na lengelenge lenyewe, chukua sindano mpya, uifute kwa spiriti, toboa matundu machache pembeni, karibu na ukingo, yakamue maji polepole kwa kitambaa safi, na ile ngozi ya juu uiache palepale. Kisha paka mafuta ya mgando kidogo, ufunike kwa shashi au plasta, ubadilishe kila siku na kila linapolowa au kuchafuka. Mwenye ugonjwa wa sukari, au mwenye maradhi yapunguzayo nguvu za mwili, asitoboe kamwe. Aende kwa tabibu. Na lengelenge la damu ni bora liachwe lisitobolewe.

Likiwa limekwisha kupasuka lenyewe, lioshwe kwa maji safi na sabuni. Ngozi iliyobaki ilazwe juu ya kidonda kama mfuniko. Isivutwe wala isichanwe. Kisha lifunikwe.

Na haya ndiyo ya kujiepusha nayo: mafuta ya taa, majivu, masizi, dawa ya meno, chumvi, na maji ya betri. Kila kimoja katika hivyo nimekisikia kikisifiwa vijiweni, na hakuna kinachoponya. Vingine huunguza ngozi changa, na vingine huingiza uchafu. Majivu na udongo vyaweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua.

Dalili za khatari ni hizi: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, uvimbe, moto katika ngozi, usaha, harufu, mstari unaopanda kuelekea mkononi, tezi za kwapani kuvimba, na homa. Sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi tusiungoje. Mguse mtoto kwa mgongo wa mkono wako, ulinganishe joto la kiganja hiki na kile. Ukiona moja katika dalili hizo, usingoje kesho.

Ama udhu, lengelenge lisilopasuka laoshwa juu yake kama ngozi nyingine, wala hapana haja ya kulipasua ili maji yaingie. Mafuta mazito yakiwa yamepakwa hata yakawa tabaka izuiayo maji, yaondolewe kwanza. Na ni vyema kupaka baada ya kusali. Plasta ikiweza kuondolewa bila ya madhara, iondolewe mkono uoshwe. Ikiwa kuiondoa kwadhuru, au tabibu amekataza maji, basi huoshwa sehemu iliyo nzima, hupakwa maji juu ya plasta, na katika madhehebu yetu hutayamamu pia. Na kwa kuwa mkono ni kiungo cha tayamamu vile vile, kuna maelezo zaidi juu ya kuirejea sala baada ya kupona. Katika hayo kila mtu amwulize sheikh wake, naye atamweleza kwa hali yake. Lililo wazi ni kwamba sala haiachwi. Abu Daud amepokea khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, wenzake wakamwambia hapana budi aoge, akaoga akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwa kutoa hukumu bila ya elimu, na akabainisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza. Enyi vijana, ulizeni. Hapana mwalimu mwenye akili atakayewacheka.

Sasa nije kwenye kinga, nayo ndiyo iliyo bora, maana mkono ukipona kisha ukarudi kwenye baskeli ile ile mbovu, lengelenge litarudi vile vile.

Fundi alipoitazama baskeli ya kijana wetu, aliona kwanza kuwa kiti kimeinama mbele. Mtu akikaa juu ya kiti kilichoinama huteleza, na ili asiteleze hujikaza kwa mikono, hata uzito wa mwili ukahamia viganjani. Fundi akakiweka sawasawa. Kisha akaona mipira ya breki imekwisha. Breki ikiwa mbovu, ashukaye kilima na kilo 60 nyuma yake hana budi kuiminya kwa nguvu zake zote, na kuminya huko ndiko kuchunako ngozi. Mipira mipya na mafuta kidogo katika maungio yake vikamwondolea adha hiyo. Na lau si viganja, tungeitengeneza vile vile kwa kukhofia roho yake. Tatu, mshikio mmoja wa usukani ulikuwa umelegea ukizunguka mkononi, na wa pili umechakaa umebaki chuma kitupu. Wengi huvifunga vyuma hivyo kwa vipande vya mpira wa ndani wa baskeli, na mikunjo yake huwa kama msumeno. Afadhali mishikio mipya. Au kama fedha hazipo, kitambaa cha pamba kilichozungushwa kwa kukazwa, kisicho na mikunjo, na kushonwa kwa uzi.

Tena mzigo. Mzigo wote ukae nyuma juu ya keria, ulingane kulia na kushoto. Dumu likining'inizwa katika usukani, mkono hushindana nalo njia nzima.

Mipira ya magurudumu nayo isijazwe pepo kupita kiasi katika njia ya mawe. Baskeli za zamani zilikuwa na magurudumu magumu, yaliyomtikisa mpandaji mwili mzima. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya mpira wa kujazwa pepo, na alianza jambo hilo kwa ajili ya baskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Pepo ile iliwekwa ili itunyonyee mitikisiko ya njia. Mtu akiujaza mpira mpaka ukawa kama jiwe, hujinyima faida yake.

Kisha mikono yenyewe. Shika usukani kama ushikavyo mkono wa mtoto mdogo, usimwache wala usimwumize. Kunja viwiko kidogo. Badilisha mahali pa kushika kila baada ya muda. Futa jasho kwa leso, na ifute na mishikio pia. Vua pete kabla ya kupanda, maana pete huibana ngozi baina yake na chuma. Mwenye uwezo avae glavu za pamba au ngozi zinazomkaa sawasawa. Zikiwa kubwa zitajikunja na kuleta malengelenge yale yale. Tena azifue, zisijae jasho.

Anayeanza kazi hii asianze na safari ndefu. Ngozi huzoea kidogo kidogo mpaka ikafanya sugu, na sugu ya kiasi ni ngao. Lakini sugu ikizidi unene, lengelenge huweza kutokea chini yake, na hilo huuma sana. Loweka mkono katika maji ya vuguvugu, usugue taratibu kwa jiwe la kusugulia, na usitumie wembe.

Na neno moja la kukumbuka kuliko yote haya: lengelenge hupiga hodi kabla ya kuingia. Kwanza mtu husikia joto mahali pamoja katika kiganja, kisha pakawasha, kisha pakauma. Ukisikia joto, simama. Kausha mkono, funika mahali pale kwa plasta, kisha uendelee. Dakika mbili za kusimama zakuokoa siku kumi za kukaa. Ukisikia ganzi katika vidole, khasa kidole cha mwisho na jirani yake, hilo si lengelenge, ni mshipa wa fahamu unaobanwa; punguza uzito juu ya viganja, na lisipoondoka mwone tabibu.

Wazazi wenzangu, Mtume wetu ametufundisha kwamba mwili una haki yake juu yetu, na imepokewa kutoka kwake kuwa Nabii Daud (a.s.) akila katika kazi ya mkono wake. Mkono uliao kazi na mkono ulio na haki ni mkono mmoja. Subira ni kustahimili lile tusiloweza kuliondoa. Ama kiti kilichoinama, breki iliyokwisha, na kidonda kisichooshwa, hivyo twaweza kuviondoa, na kumwacha mtoto avistahimili ni kumpuuza tu. Basi kila Ijumaa, watoto wakirudi nyumbani, watazameni viganja. Waambieni waikunjue mikono. Tazameni na baskeli zao pia. Na kama katika mtaa wenu yuko yatima achukuaye maji au ndizi au mkaa kwa baskeli, na hana baba wa kumtazama viganja, basi hilo ni juu yetu sisi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya vijana wetu, aipe riziki ya halali, aiepushe na madhara, na aijaalie kuwa katika ile itakayopokea vitabu vyake kwa kuume. Amin.